Nilivyopotea Katika Handaki la Hospitali Siku Aliyozaliwa Mjukuu Wangu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, nilipotea mchana kweupe katika handaki ninalolipita kila siku ya kazi. Humo ndani nikasikia kitanda kikilia.

Sitanii. Katika kisomo cha watu wazima tulifundishwa kusimulia jambo tangu mwanzo wake, kwa hiyo nifuateni taratibu.

Mimi ni dobi wa hospitali. Chini ya jengo letu kuna njia ndefu tunayosukumia mikokoteni ya mashuka. Vibao huiita Njia ya Huduma. Sisi madobi tuna majina yetu: panapobana ni Koo, palipopanuka na kujaa vitanda vibovu ni Pango, na mwinuko wa kutokea wodi ya wazazi ni Mlima wa Jasho.

Siku hiyo binti yangu alikuwa akijifungua mtoto wake wa kwanza katika wodi hiyo.

Mimi na mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, tulikuwa tumegombania jina la mjukuu hadi tukawachosha watu. Binti akakata shauri: atakayetangulia kumbeba mtoto ndiye atakayempa jina.

Mkwe mwenzangu alitabasamu, maana ana miguu mirefu. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba mimi nina njia ya chini kwa chini.

Basi tulipoambiwa kuwa mtoto amezaliwa salama, yeye akaelekea kwenye ngazi, mimi nikachepukia mlango wa dobi.

Sasa elewa jambo moja. Huko chini hatusomi vibao. Tunafuata bomba jekundu, na hilo hutufikisha kwa wazazi.

Wiki ile nilikuwa likizo. Kumbe mafundi rangi walipita, wakapaka kila kitu rangi nyeupe: kuta, mabomba, na vibao vyenyewe.

Nikapinda kushoto, nikatokea kwenye jenereta. Nikapinda kulia, nikatokea stoo ya ndoo. Jasho likanitoka kabla ya Mlima.

Ndipo nikasikia kitanda kikilia.

Nilikuwa nimefika Pango. Juu ya kitanda kibovu aliketi mkwe mwenzangu, viatu mkononi, akilia kwa kwikwi. Ngazi zilikuwa danganya toto. Alinifuata kimyakimya, kisha akanipoteza.

"Nilidhani unaijua njia," akasema. "Nilikuwa namfuata mpotevu mwenzangu."

Kutoka Pango, Mlima uko mbele moja kwa moja. Ningeweza kumwacha pale, na sikatai, moyo ulinishawishi.

"Inuka, mkwe mwenzangu," nikamwambia. "Tutambeba pamoja, na jina tutaligawana."

Tukapanda tumeshikana mikono, rangi nyeupe imetutapakaa hadi kwenye vitenge. Tukamweleza mkunga kwamba tunaomba kumpokea mtoto kwa wakati mmoja, ili pasiwe na mshindi.

Mkunga alicheka hadi akashika mlango.

"Mama zangu, kwani mtoto alizaliwa akajibeba? Mimi ndiye niliyempokea."

Na jina mkunga alikwisha kumpa. Jina la mama mzazi wa mkunga mwenyewe.

"Sheria ni sheria, mama," binti yangu akasema, akigeukia ukutani tusimwone akicheka.

Funzo nililopata ni hili: tulishindana kuwa wa kwanza, tukamsahau aliyekuwa kazini tangu asubuhi.

Kama unamjua bibi anayesubiri mjukuu, naye ameshika jina tayari, mpelekee kisa hiki kabla hajaanza mbio.