Baba Yangu ni Bibi

Mwaka ule mifupa yangu iligoma kutengeneza damu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Buhare, na sikuweza kuandika nusu ya ubao bila kukaa chini. Fizi zinavuja, mapaja yana madoa kana kwamba nimepigwa. Daktari wa Musoma akasema dawa zimeshindwa. Kilichobaki ni kupandikizwa uloto, yaani chembe za ndani ya mifupa zinazozaa damu, na wa kunipa awe ndugu yangu.

"Wa baba mmoja, mama mmoja," akasisitiza. "Nje ya hapo tunabahatisha."

Ndugu ninaye, mdogo wangu anayeuza dagaa Bunda. Tatizo ni baba. Kwetu Butiama, Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe akamuoa mama yangu, tukazaliwa sisi wawili kwa jina lake. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita ndoa ya mwanamke kumuoa mwanamke. Mwanaume aliyehusika haulizwi, na mtoto mwenye adabu hata kumuwaza hamuwazi. Mimi nilikuwa na adabu sana, mpaka nilipoanza kufa.

Tulirudi kwa daktari mimi, mama na Bibi. Akauliza kama mimi na mdogo wangu tumechangia baba. Mama akatazama sakafu. Bibi akakunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, toa kwangu. Baba yao ndiyo mimi. Wakiumwa nilikuwaga nawabeba mimi."

"Bibi, kwa umri wako..."

"Wakati natoa ng'ombe hakuna aliyeniuliza umri."

Daktari, kijana wa kutoka mbali, alinitazama nimsaidie. Nilikuwa na hasira na Bibi na mama: huyu anatetea ubaba, yule anatunza siri, na anayekwisha ni mimi. Nilitaka kulia, nikakosa hata pumzi ya kulilia.

Ndipo mama akasema, bado anatazama chini, neno ambalo mke wa nyumba ya namna ile halisemi mbele ya aliyemuoa.

"Wote wawili ni wa mtu mmoja, daktari. Miaka yote, ni huyo huyo."

Bibi akakunjua mkono wa gauni, akafunga kifungo polepole.

"Umesikia?" akamwambia daktari. "Mtu mmoja. Ndiyo mimi. Sasa mwite huyo wa Bunda apimwe."

Alipimwa, tukalingana. Nilipotoka hospitali nikiwa na damu ya mdogo wangu, majirani walikuja Butiama kumpongeza Bibi kwa uzao wake imara. Alipokea pongezi zote. Mama alikuwa jikoni, anawachemshia chai.