King'ora cha Saa Saba

Saa yangu ya atomi niliiokota kwenye mitambo chakavu ya mnara wa simu, iliyokuwa ikiuzwa kwa kilo hapa Kitale. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani. Ndani yake atomi za metali iitwayo rubidi huiongoza isiyumbe, nayo hutoa mpigo mmoja kila sekunde. Kwa miezi kadhaa niliilinganisha na saa za setilaiti kupitia antena niliyofunga juu ya bati. Mke wangu alinicheka: mtu anayechelewa kanisani kila Jumapili anahangaikia sehemu ya milioni ya sekunde! Mimi nilizidi kuringa nayo.

Halafu mama akapiga simu kutoka Bungoma. Baba alikuwa ameacha kula mchana.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi kule Webuye tangu ujana wake, na zamu yao haikugusa chakula mpaka king'ora cha saa saba kilie. King'ora kilinyamaza zamani, lakini akili ya baba ilikuwa imerudi kulekule. Kila siku alinawa mikono, akaketi mbele ya sahani na kusubiri. Ugali ulipoa, naye alikonda hadi shati likamning'inia.

Nikaona kumbe ufundi wangu umepata kazi. Nilibeba saa, betri na king'ora nilichokitoa kwenye gari bovu hadi nyumbani kwa wazazi, Kanduyi, pale Bungoma, nikaviunganisha mezani. Saa saba ilipogonga, kamili kuliko saa yoyote Bungoma nzima, king'ora kikalia. Kuku wakatawanyika. Baba hakusogeza mkono.

"Baba, imelia. Kula sasa."

"Hiyo imelia mapema," akasema. "Si yetu."

Nilimfuata mama jikoni.

"Si ile ya kwao ilikuwa inachelewa, bana," akaniambia. "Mzee wa geti alikuwa anangoja wapishi wamalize kupakua, ndio anapiga."

"Ilichelewa dakika ngapi?"

"Sasa mimi nitajua aje? Leo hivi, kesho vile."

Siku zilizofuata nilikichelewesha king'ora kidogo, kisha zaidi. Kila mara baba alitega sikio, akatikisa kichwa. Mzee wa geti alishazikwa. Nilimkasirikia marehemu ambaye sikuwahi kumwona, nikaikasirikia na saa yangu, iliyojua kila kitu isipokuwa hiki kimoja. Mwisho nilichomoa nyaya nikilia waziwazi, mtu mzima mimi.

Baba alinitazama. Hakujua mimi ni nani. Akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi aliyoiacha.

"Wewe ni mgeni kwa hii zamu, eh? Kaa hapa, kijana. Usilie na njaa. Yetu italia tu."

Nikanawa mikono, nikaketi kando yake, tukasubiri.