Fayawoli ya Shangazi

Baba mkubwa alipofariki, simu ya kwanza niliyopigiwa haikuwa ya pole. Ilikuwa ya kuulizwa kama nina waya wa printa.

Mjini Moshi kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi moja. Kwa ukoo wetu maana yake ni kwamba mimi ni fundi wa kila kitu chenye taa ndogo inayowaka: king'amuzi, jokofu, hata pasi. Nikajaza begi nyaya pamoja na ruta ndogo, nikapanda Kilema, kijijini kwetu mlimani.

Sebule ya marehemu ilikuwa imegeuka ofisi ya kamati ya mazishi. Mezani alikaa baba mdogo, mziwanda wa kina baba, mstaafu wa kiwanda cha sukari kule tambarare. Alikuwa amekuja na kompyuta yake na printa yake, na alivilinda kama mtu anayelinda mbuzi wa matambiko. Ng'ambo ya korido, chumbani, alikaa shangazi, mwalimu mstaafu, kompyuta mpakato mapajani. Shangazi ndiye anayeandika wasifu wa kila marehemu wa kwetu. Wa baba yangu pia aliuandika yeye, na ndipo nilipojua kwamba baba aliwahi kufukuzwa kwaya.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Wasifu na ratiba vilikuwa kwa shangazi, printa ilikuwa kwa baba mdogo, na kati yao palikuwa na mlango tu.

"Si mhamishe kwa flashi?" nikauliza.

"Flashi haikanyagi hapa," alisema baba mdogo. "Ya mwisho ilikuja na virusi vikala picha zangu zote za kustaafu."

Kutuma kwa simu nako hakukuwezekana. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba, na wingu likishuka pale mtandao huondoka bila kuaga. Nikawaambia hakuna shida, nitaziunganisha mashine mbili kwa ruta, ziongee zenyewe humo humo ndani. Baba mdogo alivutiwa sana na wazo hilo, hasa pale alipoelewa kwamba hatalazimika kuongea na dada yake.

Kompyuta yake iliiona ya shangazi mara moja, jina lake likatokea kabisa. Alipobofya ikagoma.

"Imekataa," alitangaza, kwa sauti ya kutangaza kifo kingine.

"Ni fayawoli," nikasema.

Mzee jirani mwenye kofia ya sufu, mjumbe wa kamati, akashtuka. "Faya? Panaungua wapi?"

"Hapana mzee. Ni mlinzi wa ndani ya kompyuta. Anazuia wageni asiowajua."

"Basi mwambie huu ni msiba. Msibani hakuna mgeni."

Nikaingia chumbani. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Usiguse koma zangu."

Niliona kosa la kwanza upesi. Kompyuta yake iliichukulia ruta yangu kama mtandao wa mahali pa watu wote, ikafunga kila kitu, kama mtu anayekumbatia mkoba wake stendi. Nikaiambia hapa ni nyumbani, nikaruhusu kushirikiana mafaili.

"Jaribu sasa!" nikapaza sauti.

"Imekataa!" likarudi jibu kutoka sebuleni, na nadhani alilifurahia.

Nikarudia hatua zote, nikaanza kutokwa jasho. Mwishowe nikamwona mchawi: programu ya kuzuia virusi aliyowekewa na muuzaji siku aliponunua mashine. Muda wake wa majaribio ulikuwa umekwisha zamani. Haikukamata kirusi chochote tena, lakini fayawoli yake ilikuwa bado imesimama mlangoni, inafukuza watu kwa niaba ya kampuni ambayo haikulipwa.

"Yaani imekufa lakini haijazikwa," alisema shangazi bila kuinua macho.

"Ndiyo shangazi."

"Izike."

Nikaifuta, nikazima mashine na kuiwasha, nikahakikisha fayawoli ya kawaida imeshika zamu. Kisha, kwa haraka, sikuchagua faili. Nikaifungulia sebule folda nzima.

"Imefunguka!" Kamati ikapiga makofi. Kisha kimya. Wazee wetu hawanyamazi hivyo isipokuwa nyama inagawanywa, kwa hiyo nikaenda kuangalia.

Ndani ya folda ya shangazi palikuwa na wasifu wa baba mkubwa, kama ilivyotakiwa. Chini yake palikuwa na wasifu mwingine, na mwingine, wa ndugu wote. Wazima. Baba mdogo alikuwa ameshafungua wake, na alikuwa anausoma huku midomo ikimtembea.

*Marehemu alizaliwa mtoto wa mwisho na hakuwahi kulisahau hilo. Alifanya kazi kiwanda cha sukari hadi kustaafu, na alikunywa chai kavu isiyo na sukari ili watu wamuulize sababu. Alianza kuugua ........ na kufikwa na mauti ........*

"Dada! Mimi nimekufa?"

"Bado," ilijibu sauti ya korido. Shangazi akatokea mlangoni, miwani juu ya kichwa. "Umefungua faili lisilo lako."

"Ni langu! Lina maisha yangu!"

"Sasa nikuandike lini? Kila siku mnasubiri mtu afe ndipo mniambie 'andika', watu wanalia, mbwa wanabweka, printa haifanyi kazi. Nimeamua kutangulia."

"Na hizi nukta?"

"Hizo nimemwachia Mungu."

Mzee wa kofia akasogea karibu na kioo. "Mwalimu, na mimi nimo?"

"Wewe si wa ukoo. Ila umetajwa kwenye wasifu wa kaka, pale penye ugomvi wa mfereji wa maji."

"Ule ugomvi ulikwisha!"

"Ndiyo maana nimeandika 'ulikwisha'."

Baba mdogo alikuwa ameanza kuchapa. Alifuta neno *karani* popote lilipokuwa, akaweka *msimamizi wa mizani*. Wajumbe wengine walikuwa wanapanga foleni nyuma yake, kila mmoja akiwa na la kurekebisha. Marehemu halisi tulikuwa tumeshamsahau. Nikakimbilia chumbani kuipunguza ruhusa, ibaki kwenye mafaili ya baba mkubwa peke yake.

Hapo ndipo nilipoona faili lililoandikwa *Mtoto wa kaka, wa kompyuta*. Nikalifungua. Lilikuwa na sentensi moja: *Marehemu alipenda kusema, "Zima, halafu washa."*

"Usinune," alisema shangazi nyuma yangu. "Bado unaishi. Labda nitapata cha kuongeza."

Sebuleni baba mdogo alipiga kelele kwamba amefungiwa mlango. Nikamwambia ni fayawoli. Akaitukana fayawoli, akachapisha ratiba.

Kesho yake tulimzika baba mkubwa kihambani, kati ya migomba yake mwenyewe, mvua nyembamba ikinyesha. Shangazi alisoma wasifu kwa sauti yake ya darasani, akapita pale penye ugomvi wa mfereji bila kupepesa macho. Alipofika pale marehemu alipomfundisha kusoma kwa kumchorea herufi kwa kijiti kwenye jani la mgomba, alikwama. Tukasubiri. Baba mdogo akaenda akaichukua karatasi mkononi mwake, akasoma hadi mwisho, na hakubadilisha neno hata moja, ingawa nilimwona akitamani.

Baada ya machalari ya ndizi na nyama niliwakuta wamekaa kwenye benchi moja nyuma ya jiko, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kati yao.

"Na wako ataandika nani?" baba mdogo alikuwa akimuuliza.

Shangazi alitazama migomba. "Nilidhani kaka."



"Nitaandika mimi," alisema baba mdogo.

"Wewe? Utaandika habari zako."

Baba mdogo akampa kata, shangazi akanywa, akajifuta mdomo kwa kanga, akamwambia aanze kwa kumuuliza alizaliwa nyumba ipi, maana hata hilo mdogo wake hajui.