Ripoti Yangu Juu ya Mama wa Mashine

Ripoti yangu ilikuwa nusu ukurasa, na niliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Ilisema kwamba mashine kubwa ya ofisi yetu ya ramani za misitu, pale Singida mjini, inakwama kila mara kwa sababu mwendeshaji wake hana ujuzi na anaichezea. Hilo neno "anaichezea" nililichagua mwenyewe. Nililisoma mara mbili, nikaona linafaa.

Mwendeshaji huyo alikuwa mama mmoja wa Ikungi. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma miaka mingi, mpaka shirika likabinafsishwa na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Mradi wetu ulipoletewa kompyuta hiyo kubwa na wafadhili, aliomba kazi, akafundishwa upya na umri ule, akapewa mkataba. Ofisi nzima ilijua kwamba mkataba ukikatika hana pengine pa kwenda. Mimi nilikuwa nimetoka chuo Dar es Salaam, umri wa mwanawe wa mwisho, na asubuhi nilikuwa nikiingia namwambia, "Mambo vipi, mama," badala ya kumwamkia. Aliitikia, "Salama, baba," akaendelea kupangusa vumbi kwenye kioo cha mashine.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha picha za msitu zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Picha zilikuwa nzito mno, hivyo programu ya kuziunganisha iliomba kumbukumbu ya mashine kwa mafungu makubwa, ambayo sisi wa fani tunayaita kurasa kubwa. Anayezigawa kurasa hizo ni kiini cha mfumo, programu ya chini kabisa inayoitawala mashine nzima. Siku nyingine kazi ilikwenda vizuri hadi jioni. Siku nyingine, hata mchana haujafika, mashine ilikataa kazi na kudai kurasa zimekwisha, na huku hakuna anayezitumia. Ukiizima na kuiwasha upya, inapona.

"Mimi sijaigusa pabaya, mtaalamu," aliniambia. "Inakwama siku tukiwa na wageni wengi."

Nilicheka mbele ya watu. Nikamuuliza kama mashine nayo inaona haya wageni.

Mkataba wake ukasitishwa, kwa barua iliyolirudia neno langu bila kunitaja. Alikunja sweta yake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Nikakaa mimi kwenye kiti chake, na kwa wiki tatu mashine haikukwama hata mara moja. Mkuu wa mradi alinisifu kikaoni. Nami nilivimba kichwa, sikatai.

Kisha kikaitishwa kikao cha mpaka wa msitu, na miongoni mwa wazee waliokuja kutoka Mgori alikuwamo baba yangu mkubwa, ambaye mizinga yake ya nyuki ilikuwa karibu na mpaka huo. Wageni wa kila siku nilizoea kuwarushia shikamoo begani, vidole viko kazini. Baba mkubwa huwezi kumwamkia umekaa. Ningefanya hivyo, ukoo mzima ungekuwa na habari zangu kabla ya jua kuzama. Na ukutani palibandikwa amri ya mkuu, kwa sababu ya umeme wetu wa kusuasua: usiache kazi ikitembea bila mtu. Kwa hiyo nikaikatisha kazi niliyokuwa ndiyo kwanza nimeianzisha, nikatoka barazani, nikampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Kazi zinakwenda?"

Nikauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ya mgonjwa wao. Naye akauliza yangu. Nikarudi, nikaanzisha kazi upya, akaingia mzee wa pili. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni ananitazama, basi nikaikatisha tena, nikatoka. Wa tatu vilevile, wa nne vilevile. Walipofika wote, mashine ilikataa kazi. Kurasa zimekwisha.

Maneno ya yule mama yalinirudia kama alivyoyasema. Nikaiwasha mashine upya, nikaanzisha kazi na kuikatisha papo hapo, nikatazama hesabu ya kiini. Kurasa kadhaa zilikuwa hazijarudi. Nikarudia, zikapungua tena.

Ilinichukua siku nyingi za kusoma kiini mstari kwa mstari kupata palipoharibika. Programu ikianza, kiini huiwekea kurasa zake pembeni kabla haijazigusa, kama mtu anavyoweka ndoo kwenye foleni ya bomba. Ukiikatisha wakati huo, mwenye ndoo amekwenda zake, ndoo inabaki, na hakuna anayeruhusiwa kusogea. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne: mwenye ndoo akiondoka, ndoo nayo iondolewe. Sidhani kama kwingine kulikuwa na mtu wa kuikatisha kazi ile mwanzoni kabisa, mara kumi kwa siku. Yule mama aliikatisha kwa sababu alimwinukia kila mzee aliyefika mlangoni. Mikononi mwangu ilikuwa nzima kwa sababu sikuwa na adabu.

Nikayatuma marekebisho kwa watunzaji wa kiini, watu wa mbali nisiowajua, nao wakayapokea na kunishukuru. Desturi yao ni kuandika mwishoni nani aliligundua tatizo. Niliandika jina langu. Mkuu nilimwambia mashine imetengemaa. Juu ya ripoti sikumwambia kitu, naye hakuuliza.

Mwishowe nikapanda basi kwenda Ikungi, nimekusudia kusema yote. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Aliponiona akaweka ungo chini, akakung'uta mikono, akainuka kunipokea. Nikamwambia shikamoo, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akaitikia, akaniuliza ya safari, ya nyumbani, ya kila mtu wa ofisini kwa zamu yake. Halafu akauliza kama mashine ilipona.

"Imepona, mama. Haikuwa wewe. Kosa lilikuwa ndani ya mashine yenyewe."

Alikaa chini. "Mimi nilijua ni mimi," alisema. "Wilayani waliniita nikapige chapa kwenye kompyuta yao. Nikakataa. Nikasema nisije nikaua na ya wenzangu."

"Nafasi hiyo bado ipo?"

"Alishaipata mwingine."

Maneno niliyokuja nayo yalikuwa tayari mdomoni, na yeye ananitazama bila wasiwasi wowote.

"Na yule aliyeandika kwamba naichezea," akasema, "umemweleza?"

"Nimemweleza, mama."

"Vizuri. Mwambie sina neno naye."

Nikasema nitamwambia. Akaniletea kigoda nikae, akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.