Jani la Kwenye Toba

Nimefanya kazi masjala miaka mingi kiasi kwamba nikiona karatasi mbili zimelala pamoja bila faili, mkono wenyewe unaanza kutafuta panchi ya kuzitoboa. Ni ugonjwa, nakubali. Majirani zangu hapa mtaani Soweto huniletea bili zao za maji niwapangie, halafu wakishafika kwao wananisema kwamba najifanya bosi wa kila mtu. Pande zote mbili zina haki, mimi na wao.

Basi siku mama aliposimama kwenye dirisha la hospitali akitafuta kadi yake, mimi nikiwa nyuma yake na foleni nzima nyuma yangu, niliona aibu ya kikazi. Alitoa kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na kitambaa kingine, na ndani ya hicho kulikuwa na peremende mbili na ufunguo wa banda la ng'ombe. Kadi ilikuwa imebaki nyumbani kwake kijijini, Masama.

"Iko kwenye mateso," akamwambia karani. Karani alimwonea huruma sana.

Mateso ni sehemu ya kitabu cha nyimbo. Mama hutunza nyaraka zake zote kwenye kitabu kimoja cha zamani cha kanisani, kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na ana utaratibu wake. Vyeti vyetu vya ubatizo viko kwenye nyimbo za ubatizo. Karatasi za shamba ziko kwenye mavuno. Cheti cha kifo cha baba kiko kwenye maziko, na cheti cha ndoa kiko kwenye ndoa, ingawa mwaka mmoja baba aliwahi kukikuta kwenye majaribu, na hakuna aliyeeleza kilifikaje huko.

Nikatangaza kwamba Jumamosi napanda Masama kupanga nyumba. Mama hakukataa. Alikuwa jikoni kwangu anaponda mtori wa ndizi, akasimamisha mwiko.

"Panga utakavyo, mwanangu. Ila usinipotezee kitu. Hata kimoja."

Nikacheka. Mimi, nipoteze! Nikamwapia kwamba hata kipande cha uzi hakitapotea.

Jumamosi nilifika na boksi faili nne, lebo, kalamu za rangi na panchi yangu mwenyewe. Mama akaenda kwenye kikundi cha akina mama, akaniachia uwanja. Nilitoa redio tatu zilizokwisha kukata roho, mifuniko isiyo na sufuria, chupa ya chai isiyo na kioo ndani, na kalenda za kutosha kumpa mtu umri mwingine. Nilichojua anakipenda nilimwachia. Kwa mfano kiatu kimoja cha baba, ambacho sikuthubutu hata kukigusa.

Kisha nikafungua kitabu cha nyimbo. Kila karatasi niliipiga picha kwa simu, nikaitoboa, nikaibandikia lebo, nikaiweka mahali pake. Nilikuwa nahisi raha ambayo watu wengine huipata kwenye harusi. Kwenye toba hapakuwa na karatasi. Palikuwa na jani kavu, limebanwa bapa, rangi ya ugoro, limekatika vipande viwili penye mkunjo. Alama ya ukurasa, nikajiambia. Nikalitupa kwenye ndoo pamoja na kalenda, na ndoo nikaimwaga motoni nyuma ya jiko.

Mama aliporudi nilimwamkia kwa sauti ya mtu anayesubiri zawadi. Akaizunguka nyumba polepole, mikono nyuma.

"Imekuwa kubwa," akasema. "Nitapotea humu."

Jumapili asubuhi, akiwa amevaa kwenda ibadani, alichukua kitabu chake, akakifunua katikati, akasimama.

"Hii ya kwenye toba umeiweka faili gani?"

"Toba hapakuwa na kitu, mama. Kulikuwa na jani tu, kavu."

Nikajisikia mwenyewe nikisema. Mchagga mzima, niliyekulia kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, ambalo mipaka yake yote imepandwa isale, nimeshika jani la isale na nisilijue! Kwetu aliyekosa hufunga fundo kwenye jani la isale, akalipeleka kwa aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Kabla sijazaliwa mama aliwahi kumwacha baba mara moja, akarudi kwao. Baba alimfuata na jani. Mama akaja naye mpaka nyumbani, jani mkononi. Hadithi hiyo tumelelewa nayo. Baba alikosa nini, hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa.

"Nimelichoma," nikasema.

Mama akafunga kitabu, akaenda kanisani.

Aliporudi hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitoa kabatini vikombe vya maua, ambavyo tangu utoto tulikatazwa hata kuvikaribia, akaviweka kwenye sinia lenye kitambaa kilichotariziwa.

"Karibu mgeni," akaniambia. "Sukari unatumia?"

Nilitaka kuosha vyombo, akaninyang'anya sufuria. Mgeni hafanyi kazi. Nilitaka kumkatia ng'ombe majani, akanivutia kiti. Akaniuliza kama huko ninakotoka mvua imenyesha. Mwisho nikajificha bandani, nikalia, ng'ombe akinitazama huku anatafuna. Iliniuma kweli. Cheti cha ndoa kilikuwa salama, kina matundu mawili na lebo ya kijani, na picha yake ilikuwa kwenye simu. Fundo ambalo baba alilifunga kwa mkono wake lilikuwa majivu, na sikuwa nimelipiga hata picha.

Nikavuka mpaka wa kihamba, nikaenda kwa shangazi, dada yake baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefukuzwa au umetoroka?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Wewe ni kaka yangu mtupu! Damu haikupungua hata tone."

"Kwani baba alimkosea nini mama?"

"Muulize mwenye jani." Akajifuta macho kwa khanga. "Kakate isale pale mpakani. Kata jani bichi, lisilo na doa. Nawajua watu wa ofisi, usije ukampelekea nakala."

Nilifunga fundo mara tatu ndipo likakubali. Shangazi akatangulia, kwa sababu mkosaji haendi peke yake. Mama alikuwa uani anachagua maharage. Shangazi akasema maneno yake kwa Kichagga, bila kucheka hata kidogo, nami nikapiga magoti, nikalitoa jani kwa mikono miwili. Goti moja lilitua juu ya punje za maharage na sikuthubutu kulisogeza.

Mama akaliangalia fundo upande huu, akaligeuza upande wa pili.

"Fundo baya," akasema. Akalipokea. "Inuka. Vyombo vimejaa huko ndani, unangoja nani aoshe?"

Sijawahi kufurahia masufuria kiasi kile. Nilisugua hata yaliyokuwa safi.

Nilipotoka, mikono ina masizi, kitabu cha nyimbo kilikuwa mapajani mwake na boksi faili zangu miguuni. Alikuwa anazitoa nyaraka moja moja na kuzirudisha, ubatizo kwa ubatizo, mavuno kwa mavuno, akinung'unika juu ya matundu yangu. Jani langu akaliweka kwenye toba, akalilaza vizuri, akalikandamiza kwa kiganja. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Mama, baba alifanya nini siku ile?"

Shangazi akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilikwenda kumsalimia mama yangu, siku mbili tu," mama akasema, akivuta mpira wa tyubu kukifunga kitabu. "Niliporudi, nikakuta baba yako amenisafishia nyumba."