Vipimo vya Chiriku

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa ukaidi sijaona wa kumfikia. Akiwa na miaka hamsini na minne, macho yameshaanza kumgomea kutunga uzi kwenye sindano, alitoka asubuhi moja na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaenda kwa mtu aliyekuwa akihama na kuuza vitu vyake, akarudi na fidla kuukuu. Nilidhani ni ya mteja.

"Ni yangu," akasema. "Nataka kujifunza."

Nilicheka mpaka pasi ikaunguza kola. Tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu: yeye anakata na kushona, mimi natia vifungo na kupiga pasi. Nikamwuliza kama amewachoka wateja, maana kelele ile ingewafukuza wote kabla mwezi haujaisha. Alivuta boksi la karatasi zake za kukatia nguo, akachakura mpaka chini kabisa, akatoa karatasi moja ya kaki. Kicheko kikanikauka, kwa sababu ilikuwa ya Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wake wa pekee. Tulimwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kufunga. Shuleni walimwazima fidla ndogo ya watoto, na alipokuwa anapotea vidole, mama yake alimfungia nyuzi nyekundu kwenye shingo ya ile fidla, kila uzi mahali pa kidole. Fundi ni fundi: alipima umbali wa kila uzi, akaandika vipimo kwenye karatasi ile ya kaki kama vile ni vya gauni. Urefu wote, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Mchana mmoja Chiriku alikuwa anapiga wimbo wake wa mazoezi, bibi harusi mtarajiwa akaingia na ndugu zake kupimwa. Dada akapoteza hesabu mara mbili. Akamwambia mtoto, "Hebu acha hiyo, unanichanganya." Mtoto akaacha, umebaki mstari mmoja tu wimbo uishe. Jioni ile ile akashikwa na homa, na siku ya tatu hatukuwa naye. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule ikachukua fidla yake. Dada akarudi kwenye cherehani bila kutoa chozi, watu wakasema ana moyo wa jiwe, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili.

"Ule wimbo niliukatiza mimi," akaniambia, huku anafunga nyuzi nyekundu kwenye fidla yake kwa kufuata ile karatasi. "Nataka niumalize. Basi."

Mwalimu wa muziki, binti mmoja ambaye dada humshonea sketi, alikubali kuja kila Jumamosi mchana. Miezi ya mwanzo sitaki hata kuikumbuka. Dada alikuwa akiukandamiza uta, ule ufito wa kupigia fidla, kama anakata mbao. Wateja waliziba masikio huku wanapimwa, na kwa kuwa mikono ilikuwa juu, blauzi zao zote zikatoka zinabana kwapani.

Mwalimu alisema tangu siku ya kwanza, "Mama, hizi nyuzi ulizofunga zimesogea mno kichwani mwa fidla. Sauti zako zote zinashuka kidogo. Tuzirekebishe."

Dada akafunika nyuzi kwa kiganja. "Ziache."

Mwezi wa saba wimbo ukaanza kutambulika. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibika. Kila alipofika kwenye mstari wa mwisho, mkono wenye uta ulisimama wenyewe. Anaanza tena, anafika pale pale, anasimama. Ule mstari alikuwa anaujua. Nilimwona akiupiga kwa vidole juu ya meza huku anasubiri chai ipoe.

Mimi siamini mizuka. Lakini wimbo ukikatika pale, kulikuwa na ukimya ambao haukuwa mtupu. Nilijikuta naiweka pasi chini polepole, nisije nikamshtua mtu. Zile sauti zilizoshuka zilikuwa na unyonge wa mtoto mwenye homa, na zilinifuata bafuni, zikanifuata sokoni. Nikaacha kukaa kwenye kiti cha dirishani, alipokuwa akikaa Chiriku. Dada akaanza kuacha wazi mlango wa chumba cha nyuma, alikolala mtoto, naye zamani alikuwa mkali kuhusu mlango ule. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Niliogopa, nasema kweli.

Mwishowe nikamshika mkono. "Kwa nini humalizi?"

"Nikipiga hivi anakuja," akasema. "Anakuja mpaka hapa kwenye meza. Nikimaliza ataondoka."

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliiona ile karatasi ya kaki mezani. Habari za Chiriku hakuwa nazo, hatukumwambia. Akachukua futi, akapima fidla, akasoma karatasi, akapima tena.

"Ndiyo maana," akasema kwa furaha. "Hivi ni vipimo vya fidla ya mtoto. Wa miaka kumi, kumi na mmoja hivi. Hii yako ni ya mtu mzima, mama. Nani alikupa hivi?"

Dada akaivuta ile karatasi kwake. Mwalimu akanitazama mimi, na mimi uvumilivu ukaniishia.

"Dada," nikasema, "mteja akikuletea vipimo vya binti yake wa miaka kumi na mmoja, na binti sasa ana ishirini na tatu, utamshonea kwa vipimo hivyo?"

"Nitamwambia amlete nimpime upya."

"Na kama hawezi kumleta?"

Akaitazama karatasi. "Nitakadiria," akasema. "Nitamwongeza."

Akachukua mkasi mdogo, akakata nyuzi nyekundu moja moja. Akalinganisha urefu wa fidla ile, ulioandikwa kwenye karatasi, na wa hii, akagawanya, akatia alama kwa chaki, akafunga upya. Kila uzi ulisogea kidogo mbali na kichwa cha fidla. Sikuwahi kumwona akikata kitambaa cha mtu yeyote kwa uangalifu ule.

Akapiga. Sauti zilikuwa kama za wimbo mwingine, zimesimama wima. Akafika pale, uta ukasita, nikafumba macho. Ukapita. Mstari wa mwisho ukaenda sauti kwa sauti mpaka ile ya mwisho, ya kidole cha tatu. Dada akainua uta juu, akanyanyua na kidole.

Sauti haikuondoka. Ilibaki pale mezani, nyororo, hakuna mkono unaoigusa.

"Umesikia?" dada akaniuliza.

"Nimesikia."

"Ni ule uzi mnene wa fidla, wa jirani," mwalimu akaanza. "Kidole kikikaa mahali pake hasa, wenyewe unaitikia bila..."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza, na sikumkanyaga kwa adabu.

"Sauti yake imekua," dada akasema. "Msikilizeni. Ni ya mtu mzima kabisa."

Akailaza fidla kwenye mapaja, akalia kile kilio ambacho msibani hakukilia. Mwalimu aliuchomoa mguu wake chini ya kiatu changu, akaenda kumshika mabega.