Mama Alionja Kwanza

Niliambiwa ninywe lita moja ya maji na nisiende chooni mpaka ekografi, ile picha ya tumbo, iishe, kwa sababu kibofu kikijaa mashine huona vizuri kilicho nyuma yake. Wiki tatu kabla, maumivu chini ya kitovu yalipopungua, nilikuwa nimeacha dawa katikati, mimi ninayewakosoa wenzangu kwa kosa hilohilo. Sasa homa ilikuwa imerudi, na daktari alihofia maambukizi yamepanda kwenye mirija ya uzazi na kuacha jipu.

Mama alinisindikiza hospitalini kutoka kwetu Carama. Kwenye benchi alifungua chupa, akanywa yeye kwanza, ndipo akanipa. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu.

"Mama, umenunua mwenyewe. Sumu itoke wapi?"

"We unauliza sana. Kunywa."

Kila nilipomrudishia chupa, alionja tena. Mjamzito aliyekaa karibu yetu akamtabasamia. "Hongera, mama. Mujukuu wa kwanza?"

Niliinamisha kichwa. Mama hakuinamisha chake. "Apana. Mutoto wangu ni huyu anayekunywa. Anaumwa."

Ndani, daktari alinipaka mafuta ya baridi tumboni. Kwenye kioo kilitokea kitu cheusi, kinene kama kidole, chenye ukungu ndani.

"Mrija. Umevimba, una usaha."

"Umejuaje si utumbo?"

"Utumbo hujongea. Tungoje."

Tukangoja. Mama alikuwa ameshika wayo wangu. Kile kitu hakikujongea.

"Bado ni kidogo," daktari akasema. "Tutajaribu sindano na vidonge kabla ya kufikiria kisu."

"Dokta, fanya haraka basi," mama akasema. "Na mimi kibofu kimejaa."

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma, na daktari akalazimika kuinua mkono na kifaa chake kutoka tumboni.

Safari hii nilimaliza dawa zote, mama akisimama mbele yangu mpaka nimeze. Tuliporudi kupimwa, usaha haukuonekana tena na mrija ulikuwa umenywea.

"Nitazaa?" niliuliza.

"Picha hii haiwezi kuniambia hilo."

Nilizoea kubishana na jibu la namna hiyo. Siku hiyo nilivaa viatu tu, nikatoka. Mama alikuwa kwenye benchi, chupa mapajani, akinitazama usoni.

"Usaha umekwisha," nikamwambia. "Mengine hawajui."

Akafumba macho kidogo. Nilichukua chupa, nikaonja mimi kwanza, nikampa.